Scott Joplin, Mtunga Muziki wa Marekani

Mwana wa mtumwa

Katika nchi ya Marekani kuna mji unaoitwa Texarkana. Nusu yake imo katika jimbo la Texas, nusu ya pili imo katika jimbo la Arkansas, na mpaka unapita katikati ya mji. Mji huo ulianza mwaka 1873, njia za gari la moshi zilipokutana mahali pale. Watu wengi wakaenda huko kutafuta kazi. Mmoja wao alikuwa mtu mweusi, jina lake Giles Joplin. Alikwenda pamoja na mke wake Florence na watoto wao.

Giles alizaliwa mtumwa. Babu za watumwa wa Marekani waliletwa kwa merikebu kutoka Afrika, wakauzwa sokoni kama ng'ombe, na watoto wao pia wakawa watumwa, na wajukuu wao vilevile. Walilima pamba, tumbako na miwa ya mabwana wao. Katika majimbo mengi ya kusini sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, maana mabwana waliogopa mtumwa ajuaye kusoma. Ndipo vita vikatokea kati ya majimbo ya kaskazini na majimbo ya kusini, tangu mwaka 1861 mpaka mwaka 1865, na utumwa ukakomeshwa. Watu weusi wakawa huru. Lakini walikuwa huru bila shamba, bila fedha, na wengi bila shule.

Giles alijua kupiga fidla. Alipokuwa mtumwa aliitwa kuwapigia Wazungu katika karamu zao. Mke wake Florence hakuzaliwa mtumwa. Alikuwa mwimbaji mzuri, tena alipiga banjo, chombo chenye nyuzi na ngozi iliyowambwa kama ngoma. Ufundi wa chombo hicho ulitoka Afrika pamoja na watumwa. Hivi nyumba yao ilikuwa maskini, lakini haikukosa muziki.

Walizaa watoto 6. Wa pili, aliyezaliwa kadiri ya mwaka 1868, akaitwa Scott.

Giles alifanya kazi kwenye njia ya gari la moshi. Baadaye akaiacha nyumba yake, akaenda kukaa na mwanamke mwingine. Mzigo wote wa watoto ukabaki kwa mama. Florence akawa akifua nguo na kufagia nyumba za Wazungu. Mara kwa mara alimchukua Scott kazini. Katika nyumba moja palikuwa na piano, na bibi mwenye nyumba alimruhusu mtoto kuipiga wakati mama yake alipokuwa akifanya kazi. Mama alipangusa vumbi, na mwana alitafuta sauti kwa vidole vyake. Hakuna aliyemwonyesha. Alisikiliza tu, akajaribu, akakosa, akajaribu tena. Baada ya muda mama aliweka akiba senti kwa senti, mpaka akapata kununua piano iliyokwisha kutumika.

Katika mji ule alikuwako Mjerumani mmoja, Myahudi, jina lake Julius Weiss. Alikuwa mwalimu wa watoto wa tajiri mmoja mwenye biashara ya mbao. Alimsikia Scott, akatambua ya kuwa mtoto huyu ana kipaji kikubwa, na mama yake hana fedha ya kumlipa mwalimu. Basi akamfundisha bila malipo. Alimfundisha kusoma nota, yaani zile alama ambazo kwazo muziki unaandikwa juu ya karatasi kama vile maneno yanavyoandikwa kwa herufi. Alimpigia kazi za watunga muziki wakubwa wa Ulaya. Alimweleza pia maana ya opera.

Opera ni hadithi inayochezwa mbele ya watu, lakini wachezaji hawasemi maneno yao, wanayaimba. Chini ya jukwaa wamekaa wapigaji wengi: fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma. Kutunga opera ni kazi ngumu kupita zote katika muziki, maana mtungaji lazima aandike sehemu ya kila mwimbaji na ya kila chombo. Mtoto mweusi wa Texarkana aliyasikia maneno hayo, akayaweka moyoni. Mwalimu Weiss naye hakusahauliwa. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mzee, mgonjwa na maskini, Joplin alimpelekea fedha za kumsaidia.

Muziki wa ragtaimu

Scott alipokuwa kijana alitoka nyumbani, akatembea mji kwa mji akipiga piano na kuimba. Mahali pa kazi palikuwa pabaya. Mpigaji mweusi hakupokewa katika majumba makubwa ya muziki; aliajiriwa katika nyumba za pombe na za kamari, kati ya walevi. Muziki wenyewe haukuwa na kosa. Ulikaa pale kwa sababu milango mingine ilifungwa.

Mwaka 1893 yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa Chicago, na Joplin alikuwako huko. Wapigaji weusi walifika kutoka pande zote, wakasikilizana na kujifunza wao kwa wao. Walileta namna mpya ya muziki, nayo ikaitwa ragtaimu.

Ragtaimu hupigwa hivi. Mkono wa kushoto huenda sawasawa, kama askari wanaotembea kwa mstari: moja, mbili, moja, mbili. Hauchelewi wala haukimbii. Mkono wa kulia hauufuati. Unatangulia kidogo, au unangoja kidogo, na kutia nguvu mahali ambapo sikio halikutazamia. Mwenye kujua ngoma za Afrika anafahamu jambo hilo mara moja: ngoma moja inashika njia, na ngoma ya pili inacheza juu yake. Watu weusi wa Marekani walilitia jambo hilo katika piano, chombo cha Wazungu.

Mwaka 1894 Joplin alifika katika mji wa Sedalia, jimbo la Missouri, akakaa huko miaka kadhaa. Alipiga tarumbeta katika bendi ya watu weusi, akafundisha vijana piano. Na ingawa alikuwa mtu mzima mwenye umri wa miaka karibu 30, aliingia shule tena. Katika Sedalia Wametodisti walikuwa wamejenga chuo kwa ajili ya watu weusi. Joplin alikwenda huko kujifunza zaidi uandishi wa muziki. Alitaka kuandika nota zake vema, hata mpigaji wa mji wa mbali, asiyepata kumwona, aweze kupiga kama yeye alivyokusudia.

Alitunga wimbo wa piano ulioitwa Maple Leaf Rag. Una sehemu 4, na kila sehemu ina vipimo 16. Mzungu mmoja wa Sedalia, John Stark, mwenye duka la piano, alikubali kuuchapa. Katika siku zile wachapaji walikuwa na desturi ya kumpa mtungaji dola chache mara moja, kisha faida yote ikawa yao. Wengi walikufa maskini kwa sababu hiyo, huku nyimbo zao zikiimbwa kila mahali. Joplin hakukubali. Alimtafuta mwanasheria, na tarehe 10 Agosti 1899 mkataba ukatiwa sahihi: kwa kila nakala itakayouzwa, mtungaji atapata senti 1.

Senti 1 ni kidogo. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala kama 400 tu. Mwanafunzi ajuaye hesabu ataona mara moja: Joplin alipata dola 4. Lakini wimbo ulianza kutembea. Wasichana waliupiga nyumbani, bendi ziliupiga barabarani, ukavuka bahari mpaka Ulaya. Nakala zikauzwa mwaka kwa mwaka, na kufika mwaka 1909 ile senti moja ilikadiriwa kumletea kama dola 600 kwa mwaka. Hakutajirika, lakini hakukosa chakula. Watu wakamwita mfalme wa ragtaimu.

Alitunga nyimbo nyingine nyingi za namna hiyo. Ule unaoitwa The Entertainer, wa mwaka 1902, unajulikana sana. Aliandika pia kitabu kidogo cha kufundishia, mwaka 1908, chenye mazoezi 6. Jambo moja lilimchukiza: wapigaji waliokwenda mbio ili kuonyesha ufundi wa vidole vyao. Juu ya karatasi zake alichapisha onyo, ya kuwa ragtaimu isipigwe haraka.

Misiba

Mtu mwingine angetosheka. Alikuwa na jina, alikuwa na mkate. Lakini Joplin hakuyasahau mafundisho ya Julius Weiss. Wazungu wengi walisema ya kuwa watu weusi wanaweza kutunga vichekesho na ngoma za kuchezea, basi; muziki mkubwa hauwafai. Joplin alitaka kuandika opera.

Mwaka 1901 alihamia mji mkubwa wa St. Louis. Mjerumani mmoja aliyeongoza muziki katika mji ule alimsifu gazetini. Mwaka 1903 opera ya kwanza ya Joplin ikawa tayari. Ilitungwa juu ya tendo lililotikisa nchi nzima: mwaka 1901 Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha mezani kwake Booker T. Washington, mwalimu mweusi aliyezaliwa mtumwa. Wazungu wengi wa kusini walikasirika mno kusikia ya kuwa Rais amekula meza moja na mtu mweusi. Joplin aliona ni jambo la kuimbwa.

Alikusanya waimbaji kama 30, wakasafiri kuionyesha opera hiyo. Safari haikufika mbali. Mtu mmoja aliiba fedha za mlangoni. Joplin hakuweza kuwalipa wachezaji wala mahali walipolala, na vitu vyake vikazuiliwa kwa sababu ya deni. Karatasi za opera zilipotea. Hazikuonekana tena mpaka leo. Hakuna mtu aliye hai aliyesikia hata sehemu moja ya kazi ile.

Nyumbani pia alipata majonzi. Kwa mke wake wa kwanza alizaa binti, na mtoto akafa angali mchanga. Kisha mume na mke wakaachana. Mwezi wa Juni 1904 alioa msichana mmoja aliyeitwa Freddie, wa miaka 19. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Freddie alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa. Walikuwa wamekaa pamoja majuma machache tu.

Treemonisha

Mwaka 1907 Joplin alihamia New York. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na kazi mpya, na kazi hiyo ikala miaka yake yote iliyobaki. Ni opera ya pili, na jina lake ni Treemonisha. Aliandika muziki, aliandika maneno yote, alieleza hata namna ya kucheza ngoma zake. Ina sehemu 3 kubwa na nyimbo 27.

Hadithi yake ni hii. Mwaka 1866, katika mashamba karibu na Texarkana, palikaa mtu na mkewe, Ned na Monisha. Hawakupata mtoto, nao walimwomba Mungu awape. Asubuhi moja Monisha alikuta kitoto kichanga chini ya mti mbele ya nyumba. Akamlea kama mwana wake wa tumbo. Mtoto alipenda kucheza chini ya mti ule, basi jina la mti likaunganishwa na jina la mama, akaitwa Treemonisha.

Pale mashambani hapakuwa na shule kwa watoto weusi. Ned na Monisha hawakujua kusoma, lakini walitaka mtoto wao ajue. Wakapatana na jamaa moja ya Wazungu: Monisha atafua nguo zao, Ned atawapasulia kuni, na bibi wa nyumba ile atamfundisha Treemonisha. Alianza masomo akiwa na miaka 7. Ni rahisi kutambua mahali Joplin alipoipata hadithi hii. Mama yake mwenyewe alikuwa ameinama juu ya nguo za wengine ili mwana apate kuigusa piano.

Treemonisha alipofika miaka 18 alikuwa mtu wa pekee katika kijiji chake aliyejua kusoma na kuandika, isipokuwa kijana Remus, ambaye yeye alimfundisha. Watu wengine wote walishikwa na hofu ya waganga wa uongo. Mmoja wao, Zodzetrick, alikuja kumwuzia Monisha mfuko wa bahati. Treemonisha alimkemea mbele ya watu, akamwambia ya kuwa amewadanganya watu muda mrefu wa kutosha. Mganga akaondoka, lakini aliweka kisasi moyoni.

Siku ileile wasichana walitaka kujitengenezea taji za majani. Treemonisha akainua mkono kuchuma majani ya mti ulio mbele ya nyumba, na Monisha akamzuia akilia. Ndipo kwa mara ya kwanza akamweleza mahali alipomwokota. Treemonisha akaenda kutafuta majani msituni, na huko waganga wakamkamata. Wakakusudia kumtupa juu ya kiota kikubwa cha nyigu.

Remus alikuwa ameyajua haya. Alivaa nguo za ile sanamu inayowekwa shambani ili kuwatisha ndege, akaingia msituni. Waganga walipoona sanamu inatembea walidhani ni Shetani mwenyewe amekuja kuwachukua. Wakapiga kelele, wakakimbia. Hivi watu waliokula fedha za wenzao kwa kuwaogofya walikimbizwa na nguo kuukuu za shambani.

Watu wa kijiji waliwakamata wawili kati yao, wakataka kuwapiga sana. Treemonisha akakataa. Alisema waachwe waende, maana anayempiga mwovu kwa hasira anatenda uovu uleule. Watu hawakupenda kusikia hayo, kisha wakakubali. Wakamwomba awe kiongozi wao. Yeye akauliza kwanza kama wanaume nao watakubali kuongozwa na msichana, kwa kuwa wanawake hakuwa na shaka nao. Wanaume wakajibu ndiyo. Ndipo wote wakacheza, polepole, kwa muziki wa ragtaimu.

Joplin alifanya jambo moja la hekima katika maandiko yake: watu wa kijiji wanaimba kwa lugha ya mashambani, lakini Treemonisha anaimba kwa Kiingereza cha vitabuni. Msikilizaji anasikia kwa masikio yake mwenyewe tofauti ambayo shule imefanya.

Miaka ya kubisha hodi

Joplin alipeleka kazi yake kwa wachapaji wa New York. Walikataa. Walimtaka mfalme wa ragtaimu awape ragtaimu nyingine. Opera ya mtu mweusi nani atanunua? Basi mwaka 1911 akaichapisha kwa fedha yake mwenyewe, kitabu cha kurasa 230, chenye nota za kuimba na za piano. Gazeti moja la muziki lilikisifu sana, likasema ni muziki wa Marekani wa kweli.

Sifa za gazeti hazikufungua mlango wa jumba la opera. Majumba makubwa yalikuwa ya Wazungu, na waimbaji weusi hawakuruhusiwa kupanda jukwaa lao. Joplin alizunguka huku na huku. Mke wake wa mwisho, Lottie, alikuwa akipangisha vyumba, na fedha hizo ziliendesha nyumba, wakati mume wake akiandika na kufuta, akiandika na kufuta, sehemu za fidla, za filimbi, za tarumbeta. Wanafunzi wa piano wakapungua. Nyimbo mpya zikapungua pia. Treemonisha alikula yote.

Mwezi wa Mei 1915 wanafunzi wa shule moja ya muziki walipiga kipande kimoja cha opera hiyo, mchezo wa dubu msituni. Hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo Joplin aliisikia ikipigwa na vyombo vingi kama alivyoiandika.

Mwaka uleule alijaribu kwa nguvu zake za mwisho. Alikodi ukumbi katika Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, akawafundisha waimbaji. Fedha haikutosha. Hapakuwa na mavazi, hapakuwa na picha za nyumba na miti nyuma ya jukwaa, hapakuwa na wapiga fidla wala tarumbeta. Joplin peke yake alikaa kwenye piano akapiga sehemu za vyombo vyote. Waliokuja walikuwa wachache, nao hawakupendezwa. Wengi katika Harlem walikuwa wametoka kusini, au wazazi wao walitoka huko. Walitaka kusahau mashamba ya pamba, vibanda na waganga, na sasa mtu huyu aliwaonyesha mambo yaleyale. Labda kama wangeona kazi nzima, na mavazi yake na vyombo vyake, wangefahamu ya kuwa alitaka kuwaonyesha njia ya kutoka. Waliondoka, na opera haikuonyeshwa tena.

Joplin alikuwa mgonjwa tayari. Ugonjwa ulimla akili na vidole. Siku nyingine alipiga vizuri, siku nyingine alipiga kama mtoto anayeanza. Mwanzoni mwa mwaka 1917 akapelekwa hospitalini. Alikufa tarehe 1 Aprili 1917, siku ya Jumapili ya Matawi. Siku 5 baadaye Marekani iliingia katika vita kuu, na watu walikuwa na mambo mengine ya kuzungumza. Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Mikaeli huko New York, pamoja na maskini wengine, bila jiwe wala jina.

Alikuwa amemwomba mke wake ya kwamba siku ya maziko wapige Maple Leaf Rag. Siku ilipofika, Lottie aliona haya. Wimbo wa kuchezea haufai makaburini, akakataa. Katika uzee wake alisema amejuta jambo hilo mara nyingi.

Baada ya miaka 55

Ragtaimu ilisahauliwa, muziki mwingine ukashika nafasi yake. Lottie alizitunza karatasi za mumewe mpaka alipokufa mwaka 1953. Baada yake karatasi nyingi zilipotea, na kati yake zile sehemu za fidla na tarumbeta ambazo Joplin alizihangaikia miaka mingi. Kilichobaki ni kitabu kile cha kurasa 230 alichokilipia mwenyewe.

Kitabu hicho kilitosha. Mwaka 1970 mpigaji piano mmoja, Joshua Rifkin, alitoa sahani ya nyimbo za Joplin, akizipiga polepole kama onyo lilivyosema, na watu wakashangaa uzuri wake. Wengine wakaanza kuuliza habari za opera. Mtungaji mweusi, T. J. Anderson, aliandika upya sehemu za vyombo vyote akifuata nota za kitabu. Mwezi wa Januari 1972, katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, Treemonisha ilichezwa yote kwa mara ya kwanza, na mavazi yake, na ngoma zake, na vyombo vyake. Chuo cha Morehouse, chuo cha watu weusi, kilishirikiana na wapigaji wa muziki wa mji ule, weupe kwa weusi. Wakati wa Joplin jambo kama hilo lisingewezekana katika Georgia.

Mwaka 1973 The Entertainer ikatiwa katika filamu moja, na ghafla watu wa nchi nyingi walikuwa wakiuimba kwa midomo barabarani bila kujua jina la aliyeutunga. Mwaka 1975 jumba la opera la mji wa Houston, Texas, likaonyesha Treemonisha katika jimbo lile alimozaliwa Joplin. Mwaka 1976 alipewa tuzo ya Pulitzer, heshima kubwa ambayo Marekani huwapa waandishi na watunga muziki wake.

Kabla ya hayo, mwaka 1974, watu walikwenda katika makaburi ya Mtakatifu Mikaeli, wakaitafuta sehemu ya maskini, wakaweka alama juu ya kaburi, na jina lake likaandikwa juu yake.